Akaliza Belyse, Aliyetaka Mambo Yasemwe Yalivyo

Mchungaji, mama yetu Mukabera, shemeji yangu Aimable, wakubwa wa ukoo, majirani wa Nengo, mliofanya kazi na marehemu, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, mimi ni Munyaneza Gad, kaka mkubwa wa marehemu, fundi wa magari, na ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Akaliza Belyse, tunayemzika leo Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025. Mchungaji ameshazungumza kwa Kinyarwanda, mimi nitasoma kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha aliyofundishia, na kwa kuwa mwenyewe alinitaka nifanye hivyo.

Niseme mapema ili asiwepo wa kushtuka katikati. Wakubwa wa ukoo walikaa juzi, wakaniomba nikifika kwenye ugonjwa niandike tu kwamba aliugua kwa muda, kisha Mungu akampenda zaidi. Nimekataa, na nimewaambia hivyo machoni pao kwa heshima zote. Katika mtaa wetu kuna mwanamke anayeitwa Mukandori, ambaye tangu mwezi wa Machi mwaka huu anasemwa kwamba ndiye aliyemtilia dada yangu sumu, na nikiandika yale niliyoombwa, mama huyo atabaki na jina la muuaji mpaka siku na yeye atakapozikwa. Kwa hiyo leo mtasikia kilichomuua Belyse, kwa maneno ambayo hata mtoto aliyebebwa mgongoni ataweza kuyabeba mpaka nyumbani.

Belyse alizaliwa tarehe 17 Aprili 1992 mjini Goma, mtaa wa Birere, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Munyaneza Protais, dereva wa malori, na mama Mukabera, muuza vitenge, ambao mtoto wao wa pili alikuwa ameshafariki akiwa mchanga. Familia ilirudi Rwanda mwaka 1995, ikakaa hapa Gisenyi, na tarehe 3 Novemba 2001 baba yetu akafariki kwa ajali ya lori, mama akabaki na sisi wawili, na vitenge vyake ambavyo alivipitisha Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Belyse alikuwa mtoto wa maswali, mtu akimtupia neno asilolijua alimshika nguo na hakumwachia mpaka aelezwe, na mara nyingi nguo hiyo ilikuwa yangu.

Alianza shule ya msingi hapa Gisenyi mwaka 1999, akaingia sekondari mwaka 2005, akasoma vizuri kwa Kifaransa, hadi mwaka 2009, alipokuwa kidato cha tano, masomo yakahamia Kiingereza, na walimu waliofunga mwaka kwa lugha moja wakafungua mwingine kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wanaisoma jioni. Hapo ndipo dada yangu, kama wengi wa rika lake, alipojifunza kumeza maneno mazima bila kuyatafuna, akayatapika kwenye mtihani, akapewa alama za juu. Aliingia chuo kikuu Kigali mwaka 2011 kusomea kompyuta, akamaliza mwaka 2015, akarudi nyumbani na shahada yake. Jioni hiyo mama alimuuliza kwa furaha kabisa alichokuwa anasoma miaka yote ile ni kitu gani, Belyse akaeleza kwa muda mrefu, na mama akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekula. Sisi tulicheka. Yeye alitoka nje akalia, na baadaye aliniambia kwamba alilia kwa sababu alipojisikia akieleza, alitambua kuwa nusu ya yale maneno hata yeye hakuyaelewa.

Kuanzia Septemba 2015 hadi Machi 2019 alifanya kazi Kigali, katika kampuni inayotengeneza programu za kompyuta. Kazi aliipenda, mikutano aliichukia. Alikuwa anatuhadithia jinsi watu walivyokaa mezani wakarushiana maneno makubwa, kila mmoja akiitikia kwa kichwa kwa kuogopa kuonekana mjinga, kisha kila mmoja akaenda kutengeneza kitu chake, na baada ya miezi vitu hivyo vikikutanishwa havishikani. Alianza kuuliza mezani neno hili lina maana gani hasa, tunataka mashine ifanye nini kwanza na nini baadaye, mpaka mkubwa wake akamwita pembeni, akamwambia kwamba maswali ya namna hiyo yanaaibisha ofisi. Aliacha kazi mwaka huo. Ukoo mzima ulisema amerukwa na akili, na mimi sikuwa nyuma.

Tarehe 15 Desemba 2018 alikuwa amefunga ndoa na Bahizi Aimable, fundi umeme wa hapa Gisenyi, mtu mpole ambaye ninyi wote mnamjua kwa sababu hakuna nyumba Nengo ambayo hajaitengenezea taa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ndahiro aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 2019, na Ineza aliyezaliwa tarehe 21 Juni 2022, ambao wamekaa hapa mbele, na nawaomba watu wazima muwasalimie leo bila kuwaambia kwamba mama yao amesafiri.

Mwezi wa Februari 2021 Belyse alifungua darasa lake katika chumba kimoja hapa Nengo, akafundisha watu kuandika programu, vijana waliomaliza shule, wafanyabiashara wa mpakani, watu wazima wenye kazi zao, na kwa wale wasioweza kufika aliwatumia masomo kwa sauti kwenye simu, yakasikilizwa mpaka Goma na Bukavu. Sharti lake lilikuwa moja. Neno la kitaalamu halikukatazwa, lakini hukuruhusiwa kulitumia mpaka uweze kusema jambo lile lile bila hilo neno, naye akiwaambia wanafunzi, "Hiyo neno utaitumia siku utaweza kuiacha."

Nawaeleza kidogo alivyofundisha, ili mjue tunamzika nani. Akitaka kueleza jinsi mashine inavyoambiwa irudie kazi, aliwaambia wafikirie wabebaji wa Petite Barrière, beba, vuka, shusha, rudi, mpaka mizigo iishe, na kwamba neno muhimu kuliko yote hapo ni "mpaka". Kijana mmoja aliandika programu yake akalisahau hilo, mashine ikazunguka bila kusimama, na Belyse akampa toroli tupu aisukume kuzunguka ua, bila kumwambia aache lini, darasa zima likamtazama dirishani likivunjika mbavu, hadi mwenyewe alipopiga kelele kwamba ameelewa. Kwa habari ya kuipima programu kabla ya kuiandika, aliwaambia kwamba kwanza useme utajuaje kama kazi imekubali, ndipo uianze, na hapo mwanafunzi wake Sulaiman, fundi cherehani wa siku nyingi hapa mjini, akasimama akasema kwamba hilo yeye analifanya tangu ujana wake, maana hakuna anayekata kitambaa cha mteja kabla ya kupima, na kutoka siku hiyo Belyse akamfanya Sulaiman kuwa mwalimu mwenzake. Aliwakalisha wawili wawili kwenye mashine moja, mmoja aandike, mwingine atazame, kisha wabadilishane, na hilo alisema amelipata gereji kwangu, kwa sababu aliye chini ya gari haoni anachokiona aliyesimama. Nilijivuna sana kwa hilo, na bado najivuna.

Sasa nafika kwa Mukandori. Mama huyu mjane alikuwa anauza chai na mandazi mlangoni pa darasa, na Belyse aliweka utaratibu kwamba mwanafunzi yeyote, kabla hajagusa mashine, atoke nje akamweleze Mukandori anachotaka kukifanya, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mukandori hakujua kompyuta na hakujifanya anajua, alimimina chai yake, akasikiliza, na alipopotea alisema, "Hapo umeniacha, mutoto wangu, rudia mupole," naye mwanafunzi akirudia polepole, katikati ya maneno yake mwenyewe, akakuta mahali aliporuka hatua. Wapo walioona ni mchezo. Belyse aliwajibu kwamba hata ukuta ungefaa, ila ukuta ungenyamaza tu, wakati Mukandori akipotea anasema. Wengi waliopita hapo leo wana kazi Kigali, Goma na Nairobi, na walioweza kufika wamesimama hapa, nawaomba wakumbuke kwamba kila mmoja wao alisikilizwa kwanza na mama huyo.

Kila asubuhi, kabla ya darasa, Belyse alikunywa kikombe cha kwanza cha chai ya Mukandori. Nakiandika kwa sababu ninyi majirani mlikikumbuka vizuri sana.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Agosti 2024, kwa maumivu ya tumbo baada ya kula, akatibiwa vidonda vya tumbo kama anavyotibiwa kila mtu katika mji huu, akapata nafuu, yakarudi. Alianza kukonda, lakini ilikuwa Januari 2025, zile wiki ambazo mabomu ya vita vya Goma, upande wa pili wa mpaka, yalituweka wote chini ya vitanda, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini mwenzake amekonda. Tarehe 6 Februari alikwenda hospitali Kigali, wakampitishia mpira wenye kamera kooni, wakakata kipande kidogo cha nyama ya tumbo kwenda kukipima, na tarehe 20 Februari akarudi na Aimable kusikiliza majibu. Aimable anasema daktari alizungumza kwa kirefu, na alipomaliza, Belyse akamwomba kwa upole aseme tena, kama vile anamweleza mama anayeuza chai. Daktari yule, Mungu ambariki, aliweka karatasi chini, akamwambia kwamba ana saratani ya tumbo, kwamba imeshafika kwenye ini, kwamba haiwezekani tena kukatwa, na kwamba dawa zitaichelewesha lakini hazitaiondoa.

Halafu Belyse akarudi nyumbani, akafanya jambo ambalo nilimkasirikia, na hata leo, akiwa kwenye sanduku hili, bado nimemkasirikia. Mama alimuuliza daktari amesema nini. Na dada yangu, aliyeacha kazi nzuri kwa kuchukia maneno ya kuficha, alimjibu mama yetu kwa Kifaransa, "Une affection gastrique évolutive, Mama, bon, iko na dawa yake," yaani ugonjwa wa tumbo unaoendelea, basi, akamwapisha Aimable asimwambie mtu. Alijua anachokifanya, hakuna mtu katika nchi hii aliyejua kuliko yeye jinsi neno kubwa linavyomfunga mtu mdomo. Alimhurumia mama, mwenye presha, aliyezika mume na mtoto, akataka kumwachia miezi michache ya kulala usingizi. Mama aliitikia kwa kichwa, akalibeba lile neno kama alivyopewa, akawaambia majirani kwamba ni mambo ya tumbo, yana dawa yake.

Mtaa ukangoja hiyo dawa ifanye kazi. Haikufanya. Watu wakamwona mwanamke wa miaka thelathini na mbili akiyeyuka, akitapika damu, kwa ugonjwa ambao mama yake anasema ni mdogo, na kwa kuwa hawakuelezwa, wakajieleza wenyewe. Kwetu hapa jibu liko tayari siku zote, ni amarozi, amelishwa sumu, kilichobaki ni kuuliza nani alikuwa anampa kinywaji kila siku. Mwezi wa Machi waliivunja chupa ya chai ya Mukandori, wakamwaga mandazi yake mtaroni, wakawakataza watoto wao kujibu salamu yake. Watu wa ukoo wetu wenyewe walimleta mganga, akamnywesha Belyse majani ya kumtapisha ile sumu, na alitapika siku mbili, akapoteza nguvu ambazo hakuzipata tena. Mwezi wa Aprili Mukandori alifunga vitu vyake, akahamia kwa dada yake huko sekta ya Rubavu. Belyse alikuwa hatoki tena nje, akaambiwa kwamba mama huyo amekwenda kumuuguza ndugu, akaamini, akawa anamtumia salamu ambazo hazikufikishwa.

Aliyemwambia ukweli wa Mukandori ni Sulaiman, katikati ya mwezi wa Agosti, alipokuja kumtazama, na namshukuru, ingawa wapo waliotaka kumpiga kwa hilo. Jumapili tarehe 24 Agosti, tulipotoka kanisani, Belyse alituita mama na mimi chumbani kwake, akaomba aegemezwe kwenye mto, akaanza kwa kusema, "Mama, mi nilikuficha na maneno kubwa, unisamehe." Kisha akaeleza, hatua baada ya hatua, kama alivyofundisha, kwamba mwili una kazi ya kutengeneza nyama mpya pale ya zamani inapochakaa, unatengeneza, unatengeneza, ukimaliza unaacha, na akasema, "Yangu ilikosa kuacha, Mama, ni hiyo tu, hakuna mutu aliituma." Akamwomba arudie alichokisikia. Mama hakurudia. Alisimama, akashika mlango, akasema kwamba afadhali ingekuwa sumu, sumu ina mtu wa kumwuliza kwa nini, kisha akatoka akaenda kupika. Kwangu Belyse aliacha kazi moja, kwamba siku hii nisimame, niseme vile iko, Mukandori akiwepo.

Akaliza Belyse alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, katika hospitali hapa Gisenyi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, mikononi mwa mume wake. Amekufa kwa saratani ya tumbo. Hakulishwa kitu na mtu yeyote, haikutoka kwenye chai, haikutoka kwenye mandazi, haikutoka kwa jirani mwenye wivu wala kwa jini wa ziwani, ilianza ndani ya mwili wake mwenyewe na daktari aliiona kwa macho yake. Anayetaka kubisha aje gereji kwangu, nitamweleza tena polepole, na baada ya mara ya tatu nitafunga mlango.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kigali na wa hapa Gisenyi, hasa yule aliyekubali kuweka karatasi chini. Tunamshukuru Mchungaji na waumini kwa maombi, Sulaiman na wanafunzi wote kwa kulibeba jeneza na kwa kutolifunga darasa, ndugu zetu wa Goma waliopanga foleni tangu alfajiri ili wavuke, na majirani wa Nengo walioleta kuni, maji na viti. Kati ya walioleta viti wapo wale wale wa mwezi wa Machi. Nimewaona, viti nimevipokea, na tumevikalia.

Kuna mstari mmoja ambao haukutoka kwangu. Tangu ile Jumapili mama hakumtaja Mukandori kwa jina, aliniambia tu kwamba kichwa chake kimeelewa lakini mkono wake hauwezi kupokea kikombe kutoka kwa mwanamke yule. Asubuhi hii, kabla sanduku halijafungwa, alinishika koti, akaniambia niongeze neno kwenye karatasi, nami nawasomea kama alivyolisema. Tukitoka hapa tutarudi nyumbani kunawa mikono na kunywa pamoja kinywaji cha mtama, kama tunavyofanya tukishamzika mtu wetu. Atakayemimina ni Mukandori. Sote tunajua desturi, anayemimina huonja kwanza, watu wakamwona akimeza, ndipo wanywe. Mama anasema, "Mukandori asionje. Mi ndiye ntakunywa wa kwanza." Mimi nitakuwa wa pili, na baada yangu kila mtu na moyo wake.

Mukandori amefika. Amesimama kule barabarani, nje ya lango, kwa sababu hakujua kama ataruhusiwa kuingia. Sulaiman, tafadhali nenda ukamlete, akae hapa karibu na mama, hatutateremsha sanduku kabla hajakaa.

Belyse, nimesema vile iko. Sasa pumzika, dada yangu, amani ya huko iwe yako yote, ya hapa tutaihangaikia wenyewe.